Sahihi Isiyo na Neno: Ushauri wa Kiakademia kwa Mwanafunzi wa Sanaa Chuoni

Wahenga waliponena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walichukulia kuwa mkuu amekwisha kusema. Methali hii hurushiwa wanafunzi wa vyuo vikuu kila wanapochelewa kufuzu, wanapotambua katika mwaka wa nne kuwa kozi walizozisoma haziwafikishi walikokusudia kwenda, au wanapobaki nje ya orodha ya mahafali kwa sababu ya kozi moja iliyosahaulika miaka mitatu nyuma. Husemwa kuwa hawakusikia. Ni nadra mtu kuuliza iwapo palikuwapo aliyewaambia. Makala haya yanashikilia kuwa katika vitivo vingi vya sanaa nchini Kenya hapakuwapo. Kwamba kile kinachoitwa ushauri wa kiakademia kimesinyaa hadi kikawa sahihi chini ya fomu ya kusajili kozi. Na kwamba hasara ya sahihi hiyo isiyo na neno humwangukia zaidi mwanafunzi ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo.

Yafaa istilahi yenyewe itazamwe kwanza, maadamu wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha. Katika vyuo vyetu neno ushauri likitajwa, wengi hufikiria ushauri nasaha, yaani ile huduma inayotolewa na ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi kwa aliyefiwa, aliyezongwa na ulevi, au aliyekosa karo na kukata tamaa. Huduma hiyo ni muhimu na haina budi kuwapo. Hata hivyo, haimwambii mwanafunzi asome nini, kwa mpangilio gani, na kwa madhumuni yapi. Hilo la pili ndilo ushauri wa kiakademia, ambao wengine huuita ushauri wa kitaaluma na wachache ulezi wa kitaaluma. Yamkini istilahi hii ya tatu, ijapokuwa haijaenea, ndiyo inayokaribia kiini cha jambo. Mlezi hufuatilia. Anamjua mtoto alikotoka, na anaona mabadiliko kabla ya mtoto mwenyewe kuyaona. Jamii za pwani zilikuwa na kungwi, ambaye kazi yake ilikuwa kumfunda mwari na kumvusha kutoka utoto hadi utu uzima. Kungwi hakuwa mtu wa kuidhinisha karatasi. Alikaa na mwari wake, akamwuliza, akamrudi, akamweleza yaliyo mbele. Dhana ya mtu mmoja kumvusha mwingine, basi, si ngeni kwa Waswahili. Ugeni umeingia pale dhana hiyo ilipogeuzwa kuwa mhuri.

Kwa nini mwanafunzi wa sanaa hasa? Mwanafunzi wa udaktari au wa uhandisi huingia katika njia iliyokwisha kuchongwa. Mtaala wake umemwamulia karibu kila kitu, na mwisho wa njia hiyo kuna taaluma yenye jina lake na bodi yake ya usajili. Mwanafunzi wa Shahada ya Sanaa huwekwa katika njia panda. Utaratibu uliozoeleka katika vitivo vya sanaa ni kwamba aanze na masomo matatu, kisha abakize mawili au hata moja, na ndani ya kila somo achague kozi za hiari juu ya zile za lazima. Uhuru huu ndio uzuri wa elimu ya sanaa. Humwezesha mtu kuoanisha Kiswahili na Falsafa, au Isimu na Kifaransa, na kuibuka na maarifa ambayo hakuna aliyeyapangia ratiba. Lakini uhuru wa kuchagua pasipo maelezo ni sawa na kumwacha mgeni katika mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa usiku na kumpongeza kwa wingi wa vichochoro alivyo navyo.

Mfano wa kubuni, ingawa wahadhiri wengi wataitambua sura yake, utasaidia kulifafanua jambo hili. Binti mmoja amefaulu vizuri katika KCSE na kupata B+ katika Kiswahili na B katika Historia. Alitaka shahada ya ualimu, lakini alama za kundi lake la masomo hazikutosha, akapangiwa Shahada ya Sanaa. Katika mwaka wa kwanza anachukua Kiswahili, Historia na Sosholojia. Mwaka wa pili unapobisha hodi, anatakiwa kuacha somo moja. Anawauliza wenzake bwenini. Wanamwambia kuwa Historia ina kusoma kwingi na kwamba Sosholojia ndiyo inayopendwa na mashirika yasiyo ya kiserikali. Anaacha Historia. Fomu yake inatiwa sahihi na mhadhiri aliyekuwa akielekea darasani, akiwa amesimama, kalamu mkononi na shajara kwapani. Miaka mitatu baadaye, akiwa na digrii nzuri tu, anaamua kurudia ndoto yake ya awali kwa kusomea Stashahada ya Uzamili katika Elimu. Hapo ndipo anapokutana na masharti ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC. Mwalimu wa sekondari hutakiwa kuwa na masomo mawili yanayofundishwa shuleni, aliyoyapita kwa angalau C+ katika KCSE, na ambayo ameyasomea chuoni kwa kozi zisizopungua 8 kila somo. Kiswahili anacho. Sosholojia haifundishwi katika shule za sekondari. Historia, ambayo angeweza kuifundisha, aliiaga pale mlangoni mwa darasa.

Dakika mbili zingetosha kulizuia jambo hili. Swali moja tu, "Unakusudia kufanya nini na masomo haya?", lingefichua kuwa binti huyu bado anatamani ualimu, na jibu lake lingebadilisha fomu nzima. Hakuna mtaala uliohitaji kuandikwa upya wala fedha zilizohitaji kutengwa. Hilo ndilo linaloudhi.

Kuna wanaoamini kuwa mkanganyiko huu ni tokeo la uzembe wa watu fulani. Historia inaelekea kuonyesha kwamba ni tokeo la kuazima kitu nusu. Chuo cha Nairobi kilipokuwa na uhusiano maalum na Chuo Kikuu cha London, kuanzia mwaka 1961, wanafunzi walikuwa wachache na mtaala ulifungwa; hapakuwa na mengi ya kuchagua, na mwalimu alimjua mwanafunzi kwa jina. Mfumo wa kozi za hiari unaohesabiwa moja moja ulikomaa kwingine, nchini Marekani, hususan baada ya Charles W. Eliot kuwa rais wa Harvard mwaka 1869 na kupanua uhuru wa wanafunzi wa kuchagua masomo. Lakini huko huko ilitambuliwa kuwa chaguo likiongezeka, mshauri naye sharti aongezeke. Hata kabla ya Eliot, mwaka 1841, mwanafunzi mmoja wa Kenyon College katika jimbo la Ohio, Rutherford B. Hayes, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa Marekani, aliandika katika barua kuwa kila mwanafunzi alitakiwa kumchagua mhadhiri mmoja awe mshauri na rafiki yake. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kilichoanzishwa mwaka 1876, nacho kilikuja kuwa na utaratibu rasmi wa wahadhiri washauri kabla ya karne hiyo kwisha. Mwaka 1972 Burns B. Crookston alitoa hoja ambayo imenukuliwa mno tangu hapo, kwamba kumshauri mwanafunzi ni namna ya kufundisha.

Vyuo vya Kenya vilirithi kozi za hiari, vikarithi mihula, vikarithi hata fomu yenye nafasi ya sahihi ya mshauri. Mshauri mwenyewe akaachwa njiani. Tena aliachwa katika wakati mbaya. Kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4 lilijiunga na vyuo vikuu mwaka 1990, shahada ya sanaa ikiwa imerefushwa kutoka miaka 3 hadi 4. Kuanzia mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha mpango wa wanafunzi wanaojilipia karo kikamilifu, na vyuo vingine vikafuata mkondo huo, idadi ya wanafunzi iliongezeka kwa kasi ambayo idadi ya wahadhiri haikuweza kuifikia. Mhadhiri mwenye darasa la mamia hawezi kuyajua majina, seuze matamanio. Wengi wanaofundisha kozi za mwaka wa kwanza ni wahadhiri wa muda ambao hawana hata ofisi ya kukutania na mwanafunzi. Pasipo kiti cha kumkalisha mtu, ushauri hutolewa kwenye ngazi.

Athari hazikomei katika uteuzi wa masomo makuu. Ndani ya somo la Kiswahili lenyewe, mpangilio wa kozi una mantiki ambayo mwanafunzi mgeni hawezi kuibuni. Anayesajili kozi ya fonolojia kabla ya kuielewa fonetiki atakariri sheria asizozisikia masikioni. Anayeingia katika nadharia za uhakiki kabla hajasoma riwaya na tamthilia za kutosha atajifunza majina ya wananadharia na kukosa cha kuhakiki. Katika mwaka wa nne, anapotakiwa kuandika mradi wa utafiti, mwanafunzi wa aina hii huzunguka akitafuta mada kana kwamba mada ni kitu kinachookotwa. Mada nyingi zinazoishia kuwa "matumizi ya tamathali za usemi katika" riwaya fulani hazikuzaliwa na mapenzi ya tamathali. Zilizaliwa na kutoulizwa, tangu mwaka wa pili, ni kitu gani darasani kilimkosesha usingizi.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wa vyuo vya umma wanalijua kwa uchungu: alama zinazopotea. Mtu hufanya mtihani, matokeo yakatoka, na mbele ya jina lake pakawa na nafasi tupu. Hufikiri yatajitengeneza. Hayajitengenezi. Mhadhiri aliyeifundisha kozi ile amehamia chuo kingine, karatasi za mtihani hazijulikani ziliko, na tarehe ya mahafali imetangazwa. Wapo wanaosubiri mwaka mzima kwa sababu ya nafasi moja tupu iliyokaa hapo tangu muhula wa tatu. Mshauri anayeitazama nakala ya matokeo ya mwanafunzi wake kila muhula unapoanza angeliona pengo hilo likiwa bado na umri wa wiki chache, na kulipeleka kwa mkuu wa idara wakati mhadhiri husika angali katika jengo lile lile. Sasa mzigo huo hubebwa na mwanafunzi peke yake, akipita kutoka dirisha moja hadi jingine na kujibiwa arudi kesho.

Hoja tatu hutolewa dhidi ya kudai zaidi. Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima na hafai kuongozwa mkono. Ni kweli kuwa ni mtu mzima. Lakini utu uzima haumpi mtu taarifa. Bwana wa miaka hamsini anaponunua shamba humtafuta wakili, na hakuna anayemwambia kuwa amerudi utotoni. Aidha, hoja hii huficha tofauti ya kitabaka. Mwanafunzi ambaye mamake ni mhadhiri au ambaye kakake alisomea chuo hicho hicho ana mshauri tayari, anayepatikana hata saa nne za usiku kwa simu. Asiye na jamaa wa aina hiyo ndiye anayeambiwa kuwa ni mtu mzima.

Hoja ya pili ni kwamba usajili wa kozi siku hizi hufanyika kwa kompyuta, na kwamba mfumo utamzuia mwanafunzi akikosea. Mfumo unaweza kumzuia kusajili kozi nyingi kupita kiasi. Unaweza kumkumbusha kozi ya lazima aliyoiacha. Hauwezi kujua kuwa binti aliyeiacha Historia alitaka kuwa mwalimu, kwa kuwa hakuna mahali alipoulizwa. Kwa hakika, mahali ambapo usajili wa mtandaoni umeiondoa fomu ya karatasi, hata ile sahihi ya kusimama imetoweka, na pamoja nayo sababu ya mwisho ya mwanafunzi kuupitia mlango wa mhadhiri.

Hoja ya tatu, ambayo ndiyo nzito, ni muda. Wahadhiri wamelemewa. Hilo halipingiki, na ni kosa kuutazama ushauri kama wema ambao mhadhiri anapaswa kuutoa bure juu ya kazi nyingine zote. Hebu hesabu ifanywe. Mhadhiri akipewa wanafunzi 80 wa kuwalea, na kila mmoja akapewa dakika 15 mwanzoni mwa muhula, kazi nzima itachukua saa 20. Saa hizo ni chini ya nusu ya saa 42 au 45 ambazo kwa kawaida hutengewa kozi moja. Si kazi isiyowezekana. Ni kazi isiyohesabiwa. Mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo, huulizwa amechapisha makala mangapi na amewasimamia wanafunzi wangapi wa uzamili na uzamifu. Haulizwi ni wanafunzi wangapi wa shahada ya kwanza aliowaokoa wasipotee. Kitu kisichohesabiwa hufanywa na wenye huruma pekee, na wenye huruma huchoka. Kila idara ina mmoja au wawili wa namna hiyo, ambao mlangoni pao huwa na foleni ilhali milango mingine imefungwa. Na mara nyingi ni hao hao walio nyuma katika uchapishaji.

Kwa hivyo pendekezo la kwanza liwaendee wakuu wa vitivo: ushauri uingizwe katika mgao wa kazi wa mhadhiri kama kozi inavyoingizwa, na uandikwe katika vigezo vya kupandishwa cheo. Pendekezo la pili ni dogo zaidi na halihitaji kikao cha seneti. Kila idara iandike, kwa Kiswahili kinachoeleweka, waraka wa kurasa chache unaoonyesha kozi zake zinavyotegemeana na zinakoelekea: mchanganyiko upi unamfaa anayetaka ualimu, upi anayetaka uanahabari, upi anayekusudia uzamili. Mengi ya maarifa haya yamo vichwani mwa wahadhiri. Hayako popote pengine.

Kuhusu tafsiri, waraka huo ungekuwa na mengi ya kusema. Mnamo Novemba 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mnamo Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakipitisha Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake za kazi. Habari hizi husherehekewa katika makongamano yetu kwa nyimbo na fulana. Lakini ni nani anayemwambia mwanafunzi wa mwaka wa pili, siku anapochagua la kubakiza, kwamba mtafsiri wa mikutano ya bara zima atakuwa na nafasi bora zaidi akiwa na Kifaransa au Kiarabu pamoja na Kiswahili na Kiingereza chake? Wenye kozi za Kifaransa wako ghorofa moja juu katika jengo hilo hilo. Anayeambiwa haya baada ya kuhitimu ameambiwa habari ya gari lililokwisha kuondoka.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili navyo haviwezi kujivua lawama. Vina walezi, na mara nyingi mlezi wa chama ndiye mhadhiri pekee ambaye mwanachama anathubutu kumwuliza swali lisilohusu mtihani. Vina wanachama wa mwaka wa tatu na wa nne ambao makosa yao bado ni mabichi. Badala ya kuupokea mwaka wa kwanza kwa hotuba na soda pekee, chama kinaweza kutenga alasiri moja kabla ya tarehe ya mwisho ya kusajili kozi, waanzilishi wakaketi na wakongwe wawili wawili, kila mmoja akiwa na orodha ya kozi mkononi. Tahadhari moja ni ya lazima. Ushauri wa wenzao ndio ulioizika Historia ya yule binti. Mkongwe anajua kozi ipi ina mhadhiri mkali. Huenda hajui masharti ya TSC. Alasiri hiyo iwe na mhadhiri mmoja chumbani, angalau wa kusahihisha uvumi.

Fomu nayo irekebishwe, iwe ya karatasi au ya mtandaoni. Juu ya nafasi ya sahihi iongezwe mistari mitano ambapo mshauri ataandika alichozungumza na mwanafunzi, na mwanafunzi abaki na nakala. Muhula unaofuata mistari hiyo isomwe kwanza kabla ya mingine kuandikwa. Mhadhiri aliyeandika kwa mkono wake kwamba mwanafunzi huyu anataka ualimu hatamwachia aiache Historia bila neno, na mwanafunzi aliyepuuza onyo lililoandikwa hatakuwa na wa kumlaumu.

Muda wa kujiandaa si mrefu. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya 10 katika shule za upili, wakiwa wamegawika katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Ratiba ikifuatwa, watajiunga na vyuo vikuu mwaka 2029. Hao watakuwa wamekwisha kuulizwa, tangu wakiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi, wanataka kuelekea wapi na kwa masomo gani. Watakapofika mlangoni mwa idara watauliza ni kozi zipi zinazoendeleza mkondo walioutoka, na idara ambayo haijaliandika jibu hilo popote italazimika kuanza kulitafuta mbele yao, foleni ikiwa imefika kwenye ngazi.